Mkataba Uliosainiwa Nusu: Mafunzo ya Migomo ya Walimu na Madaktari Kenya

Migomo mingi mikubwa ya walimu, madaktari na wahadhiri nchini Kenya imetokana na karatasi iliyokwisha kutiwa saini. Wengi hawalijui hilo. Mzazi anamwona mwalimu barabarani ameshika kijitawi cha mti na kipenga, anasikia redioni asilimia fulani ya nyongeza, kisha anasema hawa watu hawatosheki. Mgomo humfikia siku yake ya mwisho. Miezi ya barua, vikao na ahadi zilizoutangulia hakuionyeshwa na mtu.

Mwaka 1997, muda mfupi kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliafikiana na chama cha walimu KNUT kuhusu mishahara na marupurupu, na makubaliano yakachapishwa kama Tangazo la Kisheria nambari 534. Uchaguzi ukapita na malipo yakasimama njiani. Walimu waligoma 1998, wakagoma 2002, na hata mgomo wa Juni na Julai 2013 ulikuwa ukidai marupurupu ya tangazo hilohilo, miaka 16 baadaye. Madaktari nao walisaini mkataba na serikali Juni 2013. Ulipokosa kutekelezwa waliweka vifaa chini tarehe 5 Desemba 2016, wakarudi kazini siku 100 baadaye. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, katika mgomo wa mwaka 2025, walikuwa wakidai pamoja na mengine shilingi bilioni 7.9 zilizosalia za mkataba wa 2017 hadi 2021, mkataba ambao muda wake ulikuwa umekwisha zamani.

Kwa hiyo anayetaka migomo ipungue hana budi kuuangalia mkataba kwanza: nani aliusaini, nani hakuusaini, na pesa zake zilikuwa wapi siku ile kamera zilipokuwa zikipiga picha. Tuliofanya kazi za chama tumejifunza kwamba saini mbili mezani hazitoshi. Katika utumishi wa umma Kenya, mkataba wa pamoja unahitaji mambo manne ndipo ukamilike, na likikosekana moja huo ni mkataba nusu.

La kwanza ni saini ya mwajiri halisi. Kwa walimu jambo hili ni rahisi, kwa sababu mwajiri ni mmoja, TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu. Kwa wahudumu wa afya si rahisi hata kidogo. Tangu 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya iko mikononi mwa serikali 47 za kaunti, na kila kaunti ni mwajiri anayejitegemea. Waziri wa Afya akisaini peke yake, gavana ana haki ya kuuliza aliyemtuma ni nani. Wauguzi walikaa nje tangu Juni hadi Novemba 2017, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ilikwenda katika kubishana ni nani hasa anayestahili kusaini na kulipa. Kabla ya kikao cha kwanza, dai barua inayoonyesha kila aliyeketi upande wa pili anamwakilisha nani na ana mamlaka ya kusaini nini. Akija bila barua hiyo, zungumzeni taratibu za vikao tu, msiguse pesa.

La pili ni ushauri wa SRC, tume ya mishahara na marupurupu iliyoundwa na Katiba ya 2010. Wengi waliichukulia kuwa mshauri ambaye unaweza kumsikiliza au kumpuuza. Mwaka 2015 ndio uliowafungua watu macho. Juni mwaka huo Mahakama ya Ajira na Leba iliwapa walimu nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa, walimu wakaweka chaki chini tarehe 1 Septemba na kukaa nje kwa takriban wiki tano. Novemba Mahakama ya Rufaa ikatupilia mbali nyongeza yote, na mojawapo ya sababu zake kuu ni kwamba nafasi ya SRC haikuheshimiwa. Ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya walimu ukabaki karatasi. Tangu hapo ushauri wa SRC kwa maandishi, wenye tarehe na kiwango cha juu cha pesa, unapaswa kuwa mezani kabla hamjaanza kutaja takwimu. Kama mwajiri anasema ameuomba na haujafika, ombeni nakala ya barua aliyoandika kuuomba. Mara nyingi hapo ndipo hugundulika kwamba hakuandika.

La tatu ni bajeti. Hapa vyama vingi hushindwa kwa sababu ya kutofuata kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Waraka wa kuelekeza wizara namna ya kutayarisha bajeti hutoka kabla ya mwisho wa Agosti, sera ya bajeti hupelekwa bungeni kufikia Februari 15, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Mkataba unaosainiwa Mei, hata ukiwa mzuri namna gani, umekuta chungu kimekwisha kupakuliwa. Utaambiwa usubiri bajeti ya nyongeza, na bajeti ya nyongeza ina tabia ya kugeuka bajeti ya kupunguza. Mwaka 2024 ulionyesha hilo waziwazi. Awamu ya pili ya nyongeza ya walimu ilitarajiwa Julai 1. Mswada wa Fedha ulipoondolewa mwishoni mwa Juni na matumizi kukatwa, pesa zile zikawa miongoni mwa zilizoguswa. Agosti, siku za kufungua shule, KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, iliingia mgomoni kwa wiki moja huku KNUT ikiusitisha wake baada ya kuhakikishiwa kwamba pesa zitalipwa. Anayejadiliana kwa dhati huanza Septemba, ili kufikia Januari takwimu ziwe zimeingia katika hesabu za wizara.

La nne ni usajili mahakamani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema mkataba wa pamoja hupata nguvu ya kutekelezwa ukishasajiliwa na mahakama, na mwajiri anatakiwa kuuwasilisha ndani ya siku 14 baada ya kusainiwa. Siku hizo 14 ni fupi, na katika sherehe za kusaini watu husahau. Mkataba wa madaktari wa 2013 haukuwa umesajiliwa, na upungufu huo uliupa upande wa pili mlango wa kusema kwamba hakuna mkataba wa kutekelezwa. Andikeni katika mkataba wenyewe kwamba mwajiri asipouwasilisha kwa siku 14, chama kitaupeleka. Kisha siku ya 15 mtu wa chama aende masjala ya mahakama aulize nambari ya faili. Jambo dogo hili lina uzito kuliko hotuba kumi.

Sasa hesabu zenyewe. Kiongozi wa tawi asiyeweza kukokotoa nyongeza mbele ya wanachama atadanganywa, na wanachama wake watamlaumu kwa haki. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 40,000, na mkataba wa miaka minne unaotangaza nyongeza ya asilimia 20. Nyongeza hiyo ni shilingi 8,000. Ikilipwa yote tangu mwezi wa kwanza, kwa miezi 48 atakuwa amepata shilingi 384,000 za ziada. Lakini ikigawanywa awamu nne za shilingi 2,000 kila mwaka, mwaka wa kwanza anapata 24,000, wa pili 48,000, wa tatu 72,000 na wa nne 96,000. Jumla ni 240,000. Tangazo ni lilelile, asilimia ni ileile, na shilingi 144,000 hazipo.

Endelea kidogo. Tuseme bei za bidhaa zinapanda kwa asilimia 5 kila mwaka. Vitu alivyokuwa akinunua kwa 40,000 vitahitaji 48,620 mwishoni mwa mwaka wa nne, na yeye wakati huo analipwa 48,000. Mwalimu aliyesomwa gazetini kuwa ameongezwa asilimia 20 amerudi nyuma kidogo kuliko alipoanza. Wanaouliza kwa nini walimu hawaridhiki hata baada ya kuongezwa, jibu liko katika hesabu hiyo ya mistari mitatu. Mkataba wa kwanza kati ya TSC na vyama, uliosainiwa Oktoba 2016 kwa miaka 2017 hadi 2021, ulikuwa na thamani ya shilingi bilioni 54 na ulilipwa kwa awamu. Ulikuwa hatua kubwa. Hata hivyo mwanachama aliyesikia bilioni 54 na kuangalia hati yake ya mshahara mwezi wa kwanza alikuwa na haki ya kushangaa, na ni kazi ya chama kumweleza awamu kabla ya kusaini badala ya kungoja alalamike.

Jambo jingine la kukazia macho ni mahali pesa zinapowekwa. Shilingi 8,000 zikiingia katika mshahara wa msingi, kwa mwalimu aliyemo katika mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021, mwajiri huchangia asilimia 15 yake, yaani 1,200 kila mwezi, na mwalimu mwenyewe asilimia 7.5, yaani 600. Zikiingia kama marupurupu, pensheni haipati hata senti. Waajiri hupenda marupurupu kwa sababu hiyo, na kwa sababu ni rahisi kuyakata baadaye. Mwanachama kijana hupenda marupurupu kwa sababu yanaonekana upesi. Mwenye miaka 50 anataka mshahara wa msingi. Mvutano huu uko ndani ya kila chama, na ni afadhali umalizwe katika mkutano wa tawi kuliko ufumuke mezani mbele ya mwajiri.

Visidharauliwe pia vipengele visivyo vya pesa. Mkataba wa walimu wa 2021 hadi 2025 uliposainiwa Julai 2021 haukuwa na nyongeza ya mshahara, kwa kuwa SRC ilikuwa imesimamisha mapitio wakati wa Korona, na wanachama wengi waliuita mtupu. Lakini ndio uliopandisha likizo ya uzazi ya akina mama kutoka siku 90 hadi 120, na ya akina baba kutoka 14 hadi 21. Na Agosti 2023 ulifunguliwa tena ukaongezwa nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10. Mkataba wowote wa miaka mingi uwe na sentensi inayoruhusu kufunguliwa hali ya uchumi ikibadilika, na itaje tarehe, si «wakati ufaao».

Majadiliano yakikwama, mgomo bado uko mbali kuliko watu wanavyofikiri. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, lakini sheria ya 2007 imeweka ngazi za kupanda. Mzozo huripotiwa kwa Waziri wa Leba kwa maandishi. Waziri ana siku 21 za kuteua mpatanishi. Mpatanishi ana siku 30 za kujaribu kuwasuluhisha, na pande zote zikikubali muda huo unaweza kuongezwa. Akishindwa hutoa cheti kwamba mzozo haujatatuliwa. Asipotoa na siku 30 zikipita, unahesabiwa haujatatuliwa. Ndipo chama hutoa notisi ya siku 7, kwa maandishi, iliyosainiwa na mwakilishi aliyeidhinishwa, kwa mwajiri na kwa Waziri. Jumlisha siku hizo: 21, 30 na 7. Karibu miezi miwili tangu barua ya kwanza, kama kila mtu amefanya kazi yake kwa wakati.

Makosa yanayoangusha notisi ni yaleyale kila mwaka. Notisi inapelekwa kwa mwajiri na Waziri anasahauliwa. Siku 7 zinahesabiwa tangu barua ilipoandikwa badala ya siku ilipopokelewa, na hakuna nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Madai mapya yanachomekwa katika notisi ambayo hayakupita kwa mpatanishi, na wakili wa mwajiri anaomba mahakama isimamishe mgomo wote kwa sababu ya madai hayo mapya. Au chama kinagomea jambo ambalo tayari mkataba unaotumika umelimaliza. Notisi iwe fupi. Itaje madai yaliyokuwa mbele ya mpatanishi, kwa maneno yaleyale, na iambatishwe cheti chake.

Tofauti ya mgomo unaolindwa na usiolindwa ni kubwa kuliko jina linavyoonyesha. Katika unaolindwa, mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa kushiriki, ingawa halazimiki kumlipa siku ambazo hakufanya kazi. Katika usiolindwa, mfanyakazi anaweza kuadhibiwa. Wanachama waambiwe habari ya mshahara mapema na bila kuzungushwa. Mgomo wa 2015 uliwakuta walimu wengi na mikopo ya benki na ya sacco, na Septemba hiyo mishahara ya waliogoma ikazuiwa. Tawi lenye busara huzungumza na sacco wiki mbili kabla, liombe makato ya mwezi mmoja yasogezwe.

Amri ya mahakama ikitoka, hata ikiwauma, msiidharau. Februari 2017 viongozi 7 wa chama cha madaktari walihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya kusitisha mgomo, na waliachiliwa na Mahakama ya Rufaa baada ya siku chache. Kufungwa kwao kuliamsha huruma ya umma, ndiyo, na wapo wanaosema kulikisaidia chama. Mimi nadhani ni mfano hatari wa kuiga. Siku hizo mazungumzo yalisimama kwa sababu waliotakiwa kuzungumza walikuwa gerezani. Njia salama ni kuomba mahakama ipitie amri yake siku hiyohiyo, huku wanachama wakiambiwa kwa maandishi nini cha kufanya.

Nije kwa hoja inayorudiwa kuliko zote: kwamba ualimu ni wito na udaktari ni kiapo, kwa hiyo kugoma ni usaliti. Hoja hii ina heshima yake na haifai kujibiwa kwa dharau. Wanaoisema mara nyingi ni watu waliofundishwa na walimu waliojitolea kweli. Lakini wito haulipi kodi ya nyumba, na kiapo cha daktari hakimwongezei daktari wa pili katika wodi yenye wagonjwa 60. Shirika la Kazi Duniani na UNESCO, katika pendekezo lao la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, walitamka kwamba njia za kusuluhisha zikishindwa, vyama vya walimu vinastahili kuchukua hatua ambazo vyama vingine huchukua kutetea maslahi yao. Miaka karibu 60 sasa.

Ndani ya taaluma zenyewe pia kulikuwa na aibu. Kwa muda mrefu wasomi wengi waliona chama cha wafanyakazi ni cha bandarini na mashambani, na kwamba daktari au mhadhiri ana jumuiya ya kitaaluma inayotosha. Serikali ya wakati huo ilipenda fikra hiyo. Wahadhiri waligoma 1993 na 1994, na madaktari waligoma 1994, wakidai pamoja na mengine wasajiliwe chama, na wakanyimwa. UASU, chama cha wahadhiri, ilisajiliwa 2003, na KMPDU, chama cha madaktari, 2011. Jumuiya ya kitaaluma hupanga makongamano na kusimamia maadili, nayo ni kazi njema. Haina nguvu ya kisheria ya kujadili mshahara. Kutambuliwa kwa ajili ya majadiliano kunakipasa chama kuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, na hapo mtu asiyejiunga ndiye anayekipunguzia chama nguvu, hata kama moyoni anakiunga mkono.

Tofauti iliyopo kati ya darasa na wodi lazima ikubaliwe. Sheria inazitaja huduma za hospitali miongoni mwa huduma muhimu, pamoja na maji, zimamoto na kuongoza ndege. Elimu haimo. Mtoto aliyekosa wiki tatu za hesabu anaweza kufidiwa wiki za ziada. Mama anayevuja damu wakati wa kujifungua hafidiwi na kitu. Wakati wa mgomo wa siku 100 waliokuwa na pesa walikwenda hospitali za kibinafsi, na wasio nazo walikaa nyumbani na maradhi yao. Haki ya madaktari kudai ilikuwa halali, na mateso yale yalikuwa halisi. Anayesema moja tu kati ya hayo hajasema kweli yote.

Kinachowezekana, na ambacho kinapaswa kuandikwa kabla ya notisi, ni orodha ya zamu za dharura. Kila hospitali itaje vitengo visivyofungwa: chumba cha majeruhi, cha kujifungulia pamoja na upasuaji wake, watoto wachanga, wagonjwa mahututi, na usafishaji wa figo. Orodha iwe na majina na nambari za simu, si «daktari mmoja». Ionyeshe zamu za wiki mbili mbele, isainiwe na mwakilishi wa chama na msimamizi wa hospitali, na ibandikwe mlangoni. Asiwekwe zamuni daktari mwanagenzi peke yake bila wa kumsimamia. Na zamu hiyo iwe na mipaka iliyoandikwa, kwa sababu usimamizi ukiona dharura inafunikwa vizuri huanza kupenyeza kliniki za kawaida humo, na ndani ya siku chache mgomo umebaki kwa jina.

Walimu nao wana jambo linalofanana na hilo: mtihani. Muhula wa tatu una nguvu kwa sababu KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, iko mlangoni, na kwa sababu hiyohiyo ndipo mzazi huchukia kwa dhati. Kutumia kufungua kwa muhula ni jambo moja. Kutishia kutosimamia mtihani ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu halifai. Mtahiniwa hakusaini mkataba wowote, na wazazi waliopoteza mwaka wa mtoto hawatasimama na walimu tena miaka kumi. Vilevile kuingia madarasani kuwatoa wanafunzi au kumzomea mwenzako aliyebaki akifundisha kunaharibu zaidi kuliko kunavyojenga. Picha moja ya namna hiyo katika habari za jioni inafuta maelezo yote ya wiki.

Mzazi aelezwe nini, basi? Asipewe asilimia. Mwaka 2016 vyombo vya habari vilishika «asilimia 300» za madaktari, na kuanzia hapo ikawa vigumu kwa mtu yeyote kusikia kwamba mkataba ulihusu pia idadi ya madaktari na vifaa vya kufanyia kazi. Mpe mzazi ukurasa mmoja: mkataba ulisainiwa tarehe fulani, ulisema hiki, kilicholipwa ni hiki, kisicholipwa ni hiki, tuliandika barua tarehe hizi. Usomwe katika mkutano wa wazazi kabla ya notisi, na mwakilishi wa shule abaki kujibu maswali mpaka yaishe. Mahali palipofanywa hivyo, wazazi hulalamikia pande zote mbili badala ya mmoja, na huo ni usikivu wa kutosha kuanzia.

Mtu anayesahauliwa katika haya yote ni mwalimu mkuu. Ni mwajiriwa, huenda yeye mwenyewe ni mwanachama, na wakati wa mgomo mwajiri humtaka apeleke majina ya wasiofika kazini. Akiyapeleka ni msaliti wa wenzake. Asipoyapeleka ana kesi ya nidhamu. Matawi yakutane na wakuu wa shule mapema na kukubaliana kwamba daftari la mahudhurio litajazwa kwa ukweli, bila kuongeza wala kuficha jina. Anayegoma kihalali hana sababu ya kuogopa jina lake kuandikwa.

Udhaifu mwingine uko kwenye ada. Ada za chama hukatwa na mwajiri kwenye mshahara na kupelekwa kwa chama, maana yake uhai wa chama unapitia mfuko wa yule kinachogombana naye. KNUT ilijifunza hilo kwa uchungu. Baada ya mvutano na mwajiri mwaka 2019 kuhusu mfumo wa kupandisha vyeo na nani anastahili nyongeza za mkataba, wanachama walihama kwa maelfu, na idadi yake ikashuka kutoka zaidi ya 180,000 hadi chini ya 50,000 katika muda mfupi. Ofisi za matawi zikakosa kodi ya pango. Chama chochote kiwe na akiba ya kuendesha ofisi angalau miezi sita, na njia ya mwanachama kulipa ada moja kwa moja kwa simu. Aidha, sheria inaruhusu, kwa agizo la Waziri, ada ya uwakilishi kukatwa kwa wasio wanachama wanaonufaika na mkataba. Kifungu hicho kitumiwe, wengi hukisahau.

Mwisho wa mgomo ni mkataba wa kurejea kazini, na huandikwa usiku, watu wamechoka, kila mtu akitaka kulala. Ndiyo maana una makosa mengi. Uandaliwe rasimu siku mgomo unapoanza, kukiwa na utulivu. Useme wazi kwamba hakuna atakayeadhibiwa, kuhamishwa au kunyimwa cheo kwa kushiriki, na kwamba barua za kujieleza zilizokwisha kutumwa zimefutwa kwa tarehe hiyo. Useme mishahara iliyozuiwa italipwa lini, au kama haitalipwa, useme hivyo. Utaje kesi zipi zinaondolewa mahakamani na ni nani analipa gharama. Upange namna ya kufidia vipindi au kliniki zilizopotea. Kila deni liwe na kiasi na tarehe. «Haraka iwezekanavyo» si tarehe, na «kulingana na upatikanaji wa fedha» ni kurudisha mgomo mezani kwa mlango wa nyuma.

Mfano wa wanagenzi wa udaktari unaonyesha kwa nini maneno hayo ni ya hatari. Mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilitaka kuwalipa 70,000, ikitaja uhaba wa pesa, na hilo likawa mojawapo ya sababu kuu za mgomo wa siku 56 kuanzia Machi 14 hadi Mei 8. Hata mkataba wa kurejea kazini uliposainiwa, suala la wanagenzi liliachwa liendelee kujadiliwa, na vijana wengi waliomaliza masomo wakabaki nyumbani kwa miezi wakisubiri kupangiwa hospitali.

Baada ya kurejea, iundwe kamati ndogo ya pande mbili, watu watatu kwa watatu, ikutane kila mwezi ikiwa na jedwali moja: kipengele, tarehe ya kutekelezwa, kilicholipwa, kilichobaki. Muhtasari wa kila kikao usainiwe papo hapo na nakala zipelekwe matawini ndani ya wiki. Kipengele kikichelewa siku 30, chama kiandike barua wakati huohuo, maana siku 21 za Waziri hazianzi kuhesabiwa kabla mzozo haujaripotiwa.